Afisa wa VA akija kwako, usimpambie hali

Kazi yangu ya ustawi wa jamii hapa Marekani imeniketisha kwenye sebule nyingi za Wakenya, Watanzania na Wakongomani wenye mtu aliyelitumikia jeshi la nchi hii. Baadhi yao waliingia kupitia MAVNI, mpango uliotafuta wahamiaji wanaojua lugha kama Kiswahili hadi uliposimamishwa 2016. Wengine walijiandikisha kwa kadi ya kijani tu. Aliyerudi na jeraha la ubongo, au kiwewe cha vita kinachomkurupusha usiku, ana faili, daktari na miadi. Mkewe anayemuuguza mara nyingi hajaonana na daktari wake mwenyewe tangu mume arudi.

Msaada kwa anayeuguza upo: ni mpango wa VA, idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maaskari wastaafu, tena umewekwa kisheria tangu 2010. Kinachotukwamisha sisi ni malezi yetu. Afisa wa VA anapofika kufanya tathmini, mama amekwisha kufagia, chai iko mezani, na mume amevalishwa shati lililopigwa pasi. Anaulizwa, "Anaoga mwenyewe?" Anajibu, "Ndiyo, anajitahidi, tunamshukuru Mungu." Hasemi kwamba yeye ndiye anayepima maji yasimuunguze, ndiye anayesimama mlangoni asije akateleza, ndiye aliyemrudishia sabuni mkononi alipoisahau katikati ya kuoga. Afisa anaandika alichosikia. Ombi linakataliwa, na nyumba nzima inashangaa.

Kumbe tathmini hiyo inatafuta hasa mambo hayo: kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kutembea, na kama mtu anahitaji kusimamiwa ili asijidhuru. Basi wiki mbili kabla ya afisa kuja, weka daftari jikoni. Andika saa uliyoamka usiku na sababu, dawa uliyomkumbusha, jiko aliloliacha likiwaka. Siku ya tathmini soma kutoka humo. Najua wengi wetu tunaona hilo ni kumvua mume nguo mbele ya watu. Mimi naona ni sawa na kumwonyesha daktari kidonda.

Mpango wenyewe una sehemu mbili, na watu huzichanganya. Ule wenye posho ya kila mwezi unamtaka askari mstaafu awe na kiwango cha ulemavu uliotokana na jeshi cha asilimia 70 au zaidi, na awe anahitaji kuhudumiwa ana kwa ana kwa miezi sita mfululizo au zaidi. Fomu yake ni 10-10CG. Tangu Oktoba 1, 2022, haijalishi tena alitumikia kipindi gani. Si lazima anayeuguza awe mke: mtoto aliyefikisha miaka 18, mama, binamu, hata rafiki anayeishi humo ndani anaweza kuomba. Mwangalizi mkuu, yaani yule anayebeba kazi kubwa ya kuuguza, kama hana bima ya afya anaweza kupata CHAMPVA, bima ya afya inayotolewa na VA. Sehemu ya pili haina posho wala sharti la asilimia 70. Ina mafunzo, ushauri nasaha na vikundi vya waangalizi. Askari akiwa amesajiliwa kwenye huduma za afya za VA, unawapigia tu timu ya waangalizi ya kituo chenu.

Halafu kuna mapumziko, na hapa ndipo hubishana na kina mama hadi chai inapoa. Walio kwenye mpango wa posho wana haki ya angalau siku 30 kwa mwaka ambazo mtu mwingine atamwangalia mgonjwa, nyumbani au kwenye kituo cha mchana. "Nimwache na mgeni? Watu wa kanisani watasemaje?" Watasema. Lakini mgongo unaomwinua mwanaume mzima kutoka kitandani kila asubuhi haujali watu wa kanisani. Anza na muda wa saa nne siku ya Jumamosi. Lala, au nenda ukapimwe presha. Ukienda kufua na kupika mboga za wiki nzima, hujapumzika.

Simu za nyumbani nazo zichunge. Shemeji anayeomba karo hajui kwamba ulipunguza zamu kazini ili uuguze. Mwambie waziwazi, mara moja, kiasi unachoweza kutuma. Na kama ndugu wa mume wanataka kusaidia, wape kazi inayotajika: nani atampeleka miadi ya Jumanne, nani atakaa naye Jumapili jioni. "Tuko pamoja" pekee haimwogeshi mtu.

Kama kuna bunduki ndani ya nyumba, na kwa maaskari wastaafu mara nyingi ipo, VA hutoa kufuli za bunduki bila malipo. Omba. Usiku ukiwa mgumu, piga 988 kisha bonyeza 1, laini ya dharura ya maaskari wastaafu. Si lazima apige yeye, hata wewe uliye na hofu juu yake unaruhusiwa. Kwa maswali ya posho, mapumziko na vikundi kuna simu ya waangalizi: 855-260-3274.

Na kama barua ya kukataliwa imekwisha kufika, usiitupe. Ndani yake imeandikwa sababu, na kwa kawaida una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi upitiwe na ngazi ya juu. Ukiwa na ushahidi mpya, kuna njia yake pia. Lile daftari la jikoni liambatanishe.