Kupanua wigo wa maridhio hadi maeneo ya ng'ambo: maana yake

Serikali ikiridhia mkataba wa kimataifa, visiwa vyake vya mbali navyo vinabanwa? Ibara ya 29 ya Mkataba wa Vienna wa 1969, unaohusu sheria ya mikataba, inasema mkataba huifunga nchi katika eneo lake lote, ila kama kuna nia tofauti. Uingereza, yenye maeneo 14 ya ng'ambo, huutumia sana mwanya huo wa "ila": huridhia kwa ajili yake yenyewe, kisha huongeza eneo mojamoja kwa tamko analopelekewa mtunza mkataba (anayepokea na kuhifadhi nyaraka zake), mara nyingi Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Denmark ilipita njia ya kinyume: iliridhia Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2016 na kuitaja Greenland, kisiwa kilicho chini yake, kuwa imeachwa nje.

Kisiwa hakiridhii chenyewe, huomba London. London nayo husubiri sheria za huko zirekebishwe kwanza, maana kisiwa kikikiuka, anayeulizwa ni Uingereza.

Tuchukue Mkataba wa New York wa 1958 kuhusu tuzo za usuluhishi, yaani maamuzi ya wasuluhishi wanaoamua mgogoro nje ya mahakama. Uingereza ilijiunga 1975, ikaiongeza Bermuda 1979 na Visiwa vya Cayman 1980. Visiwa vya Virgin vya Uingereza, maarufu kwa kusajili kampuni za watu wa nje, vilingoja hadi taarifa ya tarehe 24 Februari 2014. Ibara ya 10 inadai siku 90 tangu taarifa ipokewe, kwa hiyo mkataba ulianza kutumika huko 25 Mei. Kabla ya hapo, nchi zilizoweka sharti la kutambua tuzo za wanachama wenzao tu, Kenya na Tanzania zikiwemo, hazikubanwa na mkataba huo kuitambua tuzo iliyotolewa visiwani humo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanaliona jina "Uingereza" kwenye orodha ya wanachama na kufunga ukurasa. Soma matamko yaliyo chini ya orodha, tafuta jina la eneo lenyewe, kisha angalia tarehe mbili, ya kupokewa na ya kuanza kutumika. Angalia pia kama kuna kifungu kilichowekewa kizuizi kwa eneo hilo peke yake.

Na kupanuliwa si kupewa kila kitu. Mwaka 1953 Uingereza iliufikisha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu hadi Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Haki ya mtu binafsi kupeleka malalamiko Strasbourg, kwenye vyombo vya mkataba huo, haikuikubali hadi 1966, wakati zote nne zilishajitawala.