Lumeni 10,000 Ndani ya Tochi ya Kalamu

Hivi karibuni tabibu mwanafunzi aliingia zamu na tochi mpya aliyoinunua Kariakoo, akaichomoa kwenye mfuko wa koti na kuniambia, "Daktari, hii ni ya lumeni 10,000, hakuna kitakachojificha." Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mtu mzima mwenye jicho jekundu linalouma. Alimulikwa mara moja tu, akafumba macho na kugeukia ukutani huku machozi yakimtiririka, na ilitulazimu kumbembeleza kwa dakika kadhaa kabla hajakubali kuguswa tena. Kilichojificha siku hiyo ni jicho lenyewe. Maneno kama hayo nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa wauguzi na kwa ndugu wa wagonjwa mara nyingi mno, na sasa nimeona niyajibu kwa maandishi.

"Tochi ikiwa kali zaidi ndiyo bora zaidi"

Tuanze na hesabu ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, ambayo muuzaji huwa haifanyi. Balbu ya halojeni ya H4, iliyozoeleka kwenye magari mengi ya jijini, hutoa takribani lumeni 1,000 inapowashwa taa ya chini. Boksi linalodai lumeni 10,000 linataka uamini kwamba betri mbili za AAA, nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho, zinawasha taa kumi za gari kwa pamoja. Watengenezaji makini hufuata kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI FL1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, ambacho kinataka mwanga upimwe baada ya tochi kuwaka kwa sekunde 30 au zaidi, wakati mbwembwe za betri mpya zimeanza kutulia. Hata kwa tochi hizo, muda wa kuwaka ulioandikwa huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo sehemu kubwa ya saa unazoahidiwa huenda ikawa ni ya mwanga hafifu.

Lakini tuseme namba ni ya kweli. Bado haikusaidii kitandani kwa mgonjwa. Mboni, yaani tundu jeusi la katikati ya jicho, ya mtu mzima huwa na upana wa takribani milimita 2 hadi 4 penye mwanga na 4 hadi 8 penye giza, na tunachokitafuta mara nyingi ni tofauti ndogo kati ya jicho moja na jingine: ipi inachelewa kusinyaa, na ipi inatanuka badala ya kusinyaa pale tochi inapohamishwa kwake kutoka jicho lililo zima. Mwanga uliopita kiasi huzibana mboni zote mbili kwa nguvu na kuifuta tofauti hiyo, achilia mbali mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo au mwenye uvimbe ndani ya jicho, ambaye mwanga wenyewe ni maumivu. Kwenye koo hali ni ileile, kwa kuwa ute hung'aa kama kioo na kukurudishia mwanga usoni, ukaona mng'ao badala ya usaha.

Kwa macho yetu ya kahawia iliyokolea kuna ugumu wa ziada, kwani mboni na duara linaloizunguka karibu zinafanana rangi, na ndiyo maana wengi hukimbilia kuongeza ukali. Ushauri wangu ni kinyume chake. Zima taa ya chumba au funga pazia, mwambie mgonjwa atazame mbali, tuseme kalenda ya ukutani, kwa sababu akiitazama tochi iliyo karibu mboni husinyaa kwa ajili ya ukaribu huo. Kisha washa mwanga mdogo kabisa ukiwa chini ya kidevu, umulike kwa kuinamisha, nawe utaziona kingo za mboni zote mbili kwa wakati mmoja. Ndipo umulike jicho mojamoja. Tochi yenye ngazi mbili, inayoanza na ile ya chini kila inapowashwa, inatosha kazi hii, na usiku umeme ukikatika haitakupofusha unapotafuta funguo.

Na tafadhali, usinunue yenye kumwekamweka. Zipo ambazo lazima upite hali hiyo kabla ya kuzima, na sitaki kuiona ikiwaka mbele ya mgonjwa wa kifafa.

"Mwanga mweupe sana ndio unaoonyesha rangi halisi"

LED nyeupe, kitaa kidogo kilichomo kwenye tochi nyingi za siku hizi, kwa kawaida ni taa ya bluu iliyopakwa fosfori ya manjano, yaani unga unaogeuza sehemu ya mwanga wa bluu kuwa wa manjano. Ni hiyo LED ya bluu iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Zile za bei ya chini huwa na upungufu wa mwanga mwekundu, hivyo koo lililowaka huonekana limepauka. Tafuta kipimo cha uhalisi wa rangi, CRI, cha 90 au zaidi kati ya 100, na joto la rangi, yaani namba inayoonyesha kama mwanga unaelekea umanjano au ubluu, la kelvini 4,000 hadi 5,000. Kama boksi halisemi lolote, mulika kiganja chako na ndani ya mdomo wa chini hapohapo dukani, kisha mulika ukuta: nyama ikionekana ya kijivu, au ukutani pakitokea duara lenye giza katikati, irudishe. Umanjano wa macho, hata hivyo, usiutafute kwa tochi yoyote. Mpeleke mgonjwa dirishani mchana.

"Simu inatosha"

Kwa kutafuta kiatu chini ya kitanda, ndiyo. Mwanga wake hutawanyika, simu nyingi hazikupi njia ya haraka ya kuupunguza, na kifaa hicho umekishika sokoni, kwenye daladala na mezani.

"Mboni zikisinyaa, ubongo uko salama"

Hapana. Aliyegonga kichwa anaweza kuwa na mboni za kawaida huku damu ikikusanyika ndani, kwa hiyo kipimo hiki hurudiwa na kuandikwa pamoja na hali ya fahamu. Na kabla hujaandika kwamba mboni ni nzito, yaani inachelewa kusinyaa, badilisha betri, kwani mwanga uliochoka huichelewesha hata mboni isiyo na tatizo lolote.

"Betri za alkali zikae humo tu, siku moja zitahitajika"

Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam betri iliyosahaulika huvuja magadi yake na kula vyuma vya ndani. Ukikuta unga mweupe, toa betri kwa glavu, futa kwa pamba iliyoloweshwa siki kidogo, kausha vizuri, kisha uwashe tena. Tochi ya nyumbani isiyotumika kila siku ihifadhiwe betri zikiwa nje, zimefungwa kwa mpira kando yake.