Ndege inavuta upande mmoja: tafuta chanzo kabla ya kugusa mikunjo

Kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga urukaji, ndege ya kivita ikianza kulalia ubavu bila kuamriwa, au pua ikipandapanda na kushukashuka kila unapoikaribia ndege ya kujazia mafuta, wengi hukimbilia mikunjo ya mihimili, yaani mpangilio unaolainisha au kukaza mwitikio wa kila msogeo wa kijiti, throto na pedali. Wanapandisha hadi 30, wanaongeza eneo bubu la katikati, ambamo msogeo mdogo hauhesabiwi, na ndege inaonekana kutulia. Hapo tatizo halijatoka, limefunikwa tu, na litajitokeza siku ya kutua kwenye meli usiku. Mimi mikunjo huigusa mwisho kabisa, nikishapita tabaka nne kwa mpangilio: kifaa chenyewe, Windows, simuleta, kisha ndege. Mifano yangu ni ya DCS World, hasa F-16C na F/A-18C, lakini mpangilio huu unafaa kwenye simuleta yoyote.

Kifaa na Windows

Funga simuleta kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua kifaa chako na utazame alama ya msalaba mkono wako ukiwa mbali. Alama ikitetemeka, au ikikaa pembeni ya katikati, hakuna haja ya kuendelea mbele, maana ndege inatii amri ambazo kifaa kinazituma kweli. Vijiti vingi vya bei nafuu hutumia potenshomita, ambamo kipande cha chuma husugua njia ya kaboni. Vumbi likiingia, au kaboni ikilika, namba huanza kuruka, hasa pale katikati ambako kijiti hukaa muda mwingi. Vihisio vya sumaku havina sehemu zinazosuguana, ndiyo maana hudumu zaidi.

Kisha peleka kila mhimili polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Alama isonge bila kuruka na iguse ukingo pande zote mbili. Isipofika, sawazisha kifaa upya, ila kwa njia moja tu. Kama mtengenezaji ametoa programu yake ya kusawazisha, tumia hiyo na ufute usawazishaji wa Windows. Zikikutana zote mbili, kila moja hurekebisha kazi ya mwenzake, na katikati haipatikani tena.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu hukiruka. Vuta kijiti nyuma hadi mwisho kama unavyovuta kwenye kona kali, na utazame mhimili wa kubiringika. Kwa wengi alama huhama pembeni, kwa sababu kiwiko kikiwa mahali pamoja mkono hauvuti kwa mstari ulionyooka, huchora upinde. Dawa yake ni kuzungusha kitako cha kijiti nyuzi chache hadi mvuto wako wa kawaida ulingane na mhimili. Ukiongeza eneo bubu hapo hutapata kitu, kwa kuwa mhamo huo hutokea kijiti kikiwa kimevutwa sana na si kikiwa katikati.

Kama kifaa hukatika katikati ya safari, fungua Device Manager, ingia kwenye kila USB Root Hub, na kwenye Power Management uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake mwenyewe nacho ni mshukiwa wa karibu pale kijiti, throto (mkono wa nguvu ya injini) na pedali zote zinapokitegemea.

Simuleta

Hapa ndipo kwenye chanzo kinachoongoza kwa mbali. Ukichomeka kifaa kipya, DCS hukigawia mihimili ya msingi yenyewe. Matokeo yake pedali zinaweza kuwa zimepewa pua, na throto ikapewa kubiringika, juu ya kile kijiti chako kinachofanya. Amri mbili zikigombea mhimili mmoja, ndege huvuta, hutetemeka, au hukataa kurudi katikati.

Ingia kwenye mpangilio wa vidhibiti, chagua ndege husika, kisha upande wa juu chagua kundi la mihimili. Pitia mistari ya kubiringika, pua, usukani wa mkia na nguvu ya injini. Kila mstari ubaki na mhimili mmoja kwenye safu ya kifaa kimoja tu. Safu nyingine zote zifutwe. Kila ndege ina orodha yake, kwa hiyo ukiisafisha F-16 bado F/A-18 hujaigusa. Ukimaliza, nakili folda ya Config\Input iliyo ndani ya Saved Games\DCS na uihifadhi pembeni. Majina ya faili zake yamebeba namba ya utambulisho ya kifaa, na namba hiyo ikibadilika, pengine kwa kuhamisha waya tu kwenye tundu jingine la USB, simuleta hukiona kifaa kama kigeni na mpangilio wako wote hupotea machoni.

Hakikisha pia kuwa hali rahisi ya urukaji imezimwa, ile inayoitwa Game Flight Mode. Ikiwa imewashwa, unachokirusha si mfano kamili wa ndege, na hakuna ushauri wowote hapa utakaolingana na unachokiona.

Sasa ruka. Panda futi 15,000, shika kasi ya noti 350, usiguse trimu (marekebisho yanayoishikilia ndege bila mkono wako), na ubonyeze Ctrl ya kulia pamoja na Enter. Mchoro mdogo wa vidhibiti utatokea. Achia kijiti. Alama ikiwa nje ya katikati, rudi nyuma kwenye tabaka zilizotangulia. Ikiwa katikati kabisa na ndege bado inalala, basi sababu iko kwenye ndege yenyewe.

Ndege: mara nyingi si hitilafu

F-16 na F/A-18 huongozwa na kompyuta. Kijiti hakivuti mabawa ya mkia moja kwa moja. Kinapeleka ombi, na kompyuta huamua jinsi ya kulitimiza. Magurudumu yakiwa juu, F-16 hutafsiri mkono wako kama ombi la G, yaani mara ngapi ya uzito wa kawaida. Ukiachia, inashikilia takriban G 1, basi. Ndiyo maana ukibadilisha kasi huhitaji kuitrimu kama ndege za zamani, na anayeitrimu kila mara hujivuruga mwenyewe. Ubavuni ni tofauti: bomu likibaki chini ya bawa moja tu, itavuta upande huo na utalazimika kuipa trimu ya kubiringika. Trimu ya kijiti isipoitika kabisa, tazama paneli ya trimu upande wa kushoto, kwani swichi ya TRIM/AP ikiwa kwenye DISC hukata trimu ya kijiti pamoja na rubani otomatiki.

F-16 inayoonekana nzito, isiyotaka kupinda, ikaguliwe swichi ya STORES CONFIG. Kwenye CAT III kompyuta hubana alfa, yaani pembe ambayo bawa hukutana na hewa, na hupunguza kasi ya kubiringika, kwa ajili ya mizigo mizito. Ukibaki humo baada ya kudondosha mabomu unapigana ukiwa umefungwa mkono mmoja. CAT I hukuruhusu kufika alfa ya karibu nyuzi 25, na G 9 pale kasi inapotosha.

F/A-18 ina tabia mbili, na mpaka kati yake ni flapu, vibao vya bawa vinavyoshushwa kwa kuruka na kutua. Zikiwa AUTO, hujitrimu yenyewe. Zikiwa HALF au FULL, inaanza kufuata alfa, na hapo trimu ni kazi yako. Wengi hulalamika kwamba pua haitulii tena mara tu flapu zinaposhuka. Ndivyo ilivyoundwa. Trimu hadi alfa isimame kwenye nyuzi 8.1 mkono ukiwa mwepesi, kisha acha kijiti kishughulike na mabawa na throto ishughulike na mteremko. Kabla ya kuruka, flapu zikiwa HALF, bonyeza FCS RESET, kisha T/O TRIM. Ukurasa wa FCS, mfumo wa vidhibiti vya ndege, ukionyesha alama za X, usiende popote kabla hazijafutika.

Throto yenye kihisio kibovu huleta balaa lake humu: ATC, mfumo unaoshika nguvu ya injini otomatiki, huzimika throto ikisogezwa, na mtetemo wa kihisio unaweza kuhesabiwa kama msogeo.

MiG-21bis haina kompyuta ya namna hiyo. Ina ARU, kifaa kinachobadilisha uwiano kati ya kijiti na bawa la mkia kulingana na kasi na kimo. Kikikwama kwenye uwiano wa mwendo mkali, utavuta kijiti chote wakati wa kutua na pua isiinuke vya kutosha. Kikikwama kwenye uwiano wa mwendo mdogo, kwa kasi kubwa mguso mdogo tu hurusha pua. Soma kipimo chake kabla ya kulaumu kijiti. Na ardhini usitafute gurudumu la mbele linalopinda kwa pedali. Unabana mkono wa breki ulio kwenye kijiti huku ukisukuma pedali ya upande unaotaka.

Kuyumba kunakotoka mkononi

Tarehe 20 Januari 1974, huko Edwards, California, YF-16, ndege ya majaribio iliyozaa F-16, ilikuwa kwenye jaribio la kukimbia kwa kasi ardhini. Ikaanza kuyumba ubavu hadi ubavu, kwa sababu mfumo wake ulikuwa mwepesi mno kuitikia na kijiti hakikusogea, kilipima nguvu ya mkono tu. Rubani wa majaribio Phil Oestricher akaamua kuirusha badala ya kushindana nayo kwenye njia, akazunguka na kutua salama. Baadaye wepesi huo ulipunguzwa, na kijiti cha F-16 kikapewa mwendo kidogo.

Chanzo cha kuyumba huku ni ucheleweshaji. Unasahihisha kosa ambalo ndege tayari imeanza kulisahihisha. Kwenye simuleta, fremu zinazosuasua huongeza ucheleweshaji huo, kwa hiyo kama pua hupandapanda tu ukiwa karibu na meli au ndege ya mafuta, mahali penye vitu vingi vya kuchora, punguza michoro kwanza. Halafu gusa kijiti kidogo, kirudishe, usubiri uone jibu. Ukijikuta tayari unayumba, ganda. Shikilia kijiti katikati na kompyuta itaituliza ndege.

Baada ya yote hayo, mikunjo. Kijiti kifupi cha mezani kwenye F-16 au F/A-18 nakipa 10 hadi 15, na 20 kwa MiG-21. Chenye kirefusho, bomba linalokirefusha kijiti, kinabaki 0. Usisahau kwamba ulaini unaoupata katikati unaulipa mwishoni, ambako kijiti huwa kikali zaidi. Eneo bubu lisizidi 2 au 3 kwa kihisio kizima. Ukomo wa Y, yaani kiwango cha juu cha amri inayofika kwenye ndege, usiuguse kwenye pua: ukiushusha hadi 80 hutapata mvuto kamili hata ukivuta hadi mwisho, na utauhitaji F-16 ikikwama kwenye alfa kubwa isiyoweza kutoka yenyewe. Hapo unashikilia swichi ya MPO, inayokuruhusu kuusogeza mkia bila kizuizi cha kompyuta, na kuiyumbisha pua mbele na nyuma kwa mapigo yake yenyewe hadi idondoke chini, na kila asilimia ya mwendo wa mkia ina kazi.