Alpha Phi Omega si chama cha karamu

Wengi wakisikia herufi tatu za Kigiriki hudhani Alpha Phi Omega, chama cha huduma cha wanafunzi wa vyuo, ni kama vile vyama vya wanafunzi wa Marekani vyenye majumba ya kuishi na karamu kila wikiendi. Sivyo, na kosa hili linawanyima haki vijana wanaojitolea kwa moyo.

Chama hiki kilizaliwa tarehe 16 Desemba 1925 katika chuo cha Lafayette, Pennsylvania. Mwanzilishi wake, Frank Reed Horton, alikuwa amerudi kutoka jeshi la majini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona kiapo na sheria ya skauti (uskauti uleule ulioanzishwa na Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri, Kenya) vingeweza kuwalea wanafunzi wa chuo pia. Nguzo zake ni tatu: uongozi, urafiki na huduma. Matawi hayana majumba; yana ratiba za kuchangia damu, kufanya usafi na kusaidia wahitaji.

Wala si lazima uwe umepitia uskauti. Sharti hilo liliondolewa miaka ya 1960, na wanawake wakapokelewa rasmi 1976. Ufilipino nako chama hiki kipo tangu 1950.