Mothers' Union si ya wenye ndoa pekee

Wengi huamini kwamba asiyefunga ndoa kanisani hana nafasi katika Mothers' Union, chama cha akina mama wa Kanisa la Anglikana. Dhana hiyo ina chanzo: Mary Sumner alipokianzisha chama hiki Uingereza mwaka 1876, alilenga akina mama wanaolea watoto, na kwa miongo mingi waliotalikiana walikataliwa. Katiba ya 1973 ililegeza hilo, ikaachia majimbo ya Kanisa yapange masharti yao. Uingereza siku hizi hata wanaume ni wanachama. Huko, ubatizo na kukubali malengo ya chama vinatosha.

Kwingine masharti ya ndoa bado yapo, kwa hiyo usitegemee maneno ya uani. Omba kusoma kanuni za dayosisi yako, kisha uulize mafundisho huchukua muda gani kabla ya kuweka ahadi ya uanachama. Kitambaa cha sare kisubiri. Kwa kawaida huvaliwa baada ya kupokewa.