Ukomando si suala la misuli

Wengi huamini kwamba anayefuzu mchujo wa makomando ni yule mwenye kifua kipana na mabavu kuliko wenzake. Sivyo. Nguvu zinahitajika, lakini karibu kila anayejitokeza anazo tayari.

Tazama SAS, kikosi cha makomando cha jeshi la Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1941. Sehemu ya mchujo wake hufanyika kwenye milima ya Brecon Beacons, Wales. Askari hutembea peke yake na shanta zito, ramani na dira. Safari ya mwisho ni kama kilomita 64 kwa saa 20. Hakuna anayemfokea wala kumsifu. Mara nyingi haambiwi hata muda anaotakiwa kufika. Ukimya huo, kwa maoni yangu, unachosha kuliko matusi, maana anabaki akibishana na nafsi yake tu.

Kwa SEAL, makomando wa jeshi la majini la Marekani, kuna kelele zaidi: siku tano na nusu za baridi na matope, usingizi saa chache mno. Anayekata tamaa hupiga kengele mwenyewe.

Tena, mchujo si mafunzo. Mbinu za mapigano, miamvuli, mawasiliano, tiba ya vitani: hayo hufundishwa baadaye, kwa miezi mingi.