Swali la Pili: Namna ya Kukisikiliza Kipindi cha Mahojiano Redioni

Vituo vingi vya redio hapa Mtwara na Lindi vina saa yao ya mazungumzo kila siku. Mtangazaji anamkaribisha mgeni studio, anataja jina na cheo chake, na kuanzia hapo saa nzima ni yao wawili pamoja na wapiga simu. Leo mgeni ni daktari wa mifugo, kesho mwalimu wa historia, keshokutwa mama anayelima mwani. Watu wanasikiliza huku wanabangua korosho uani, wengine wako kwenye bajaji, wengine wako shambani na simu mfukoni. Kipindi kikiisha, wengi husema kilikuwa kizuri kwa sababu mgeni alikuwa anajua kuzungumza. Sisi tunaofundisha utangazaji tunawaomba mpime kitu kingine kabisa: swali la pili.

Swali la kwanza kila mtangazaji analo. Limeandikwa kwenye karatasi, na mara nyingi mgeni ametumiwa tangu jana, kwa hiyo jibu lake amekwisha kuliandaa. Swali la pili halimo kwenye karatasi. Linazaliwa na jibu, na anayeliuliza ni yule aliyekuwa anasikiliza wakati mgeni anazungumza, si yule aliyekuwa anatafuta mstari unaofuata.

Tuchukue mfano ambao kila mtu wa kusini anaufahamu. Mikorosho inapoanza kutoa maua, kuanzia mwezi wa sita hivi, redio zetu zote huzungumzia ubwiriunga. Huu ni ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani machanga na maua, na maua yakishaharibika hakuna korosho ya kuokota. Afisa ugani anaulizwa mkulima afanye nini. Anajibu: "Mkulima azingatie kanuni bora za kilimo na apulize salfa kwa wakati." Mtangazaji anashukuru, anahamia kwenye pembejeo za ruzuku. Jibu lile halina kosa hata moja, na halimsaidii mkulima wa Tandahimba kwa lolote, maana "kwa wakati" ameisikia tangu utoto wake.

Sasa mtangazaji mwingine, mgeni yuleyule, jibu lilelile:

"Bwana shamba, kwa wakati ndiyo lini? Mimi nimesimama chini ya mkorosho wangu sasa hivi. Nitazame nini?"

"Tazama machipukizi na vishada vya maua vinavyoanza kuchomoza. Usisubiri mpaka uone unga mweupe umetapakaa."

"Na nipulize saa ngapi? Mchana, nikishapata nafasi?"

"Hapana. Alfajiri, upepo umetulia na umande bado upo, ndipo salfa inashika. Mchana upepo unaibeba yote."

"Na jirani yangu asipopuliza kabisa?"

"Hapo ugonjwa utatoka kwake urudi kwako. Ndiyo maana tunasisitiza mpulize kwa pamoja."

Maarifa yote hayo afisa ugani alikuja nayo studio tangu mwanzo. Katika kipindi cha kwanza aliondoka nayo. Hakuna aliyemficha msikilizaji kitu, ila hakuna aliyemuuliza mgeni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi ya vipindi vyetu, kubwa kuliko vifaa vibovu au umeme unaokatika, kwa sababu inatokea kila siku na haionekani.

Mtu anaweza kudhani kuuliza hivi ni kipaji. Kipaji kinasaidia, lakini sehemu kubwa ni maandalizi. Huko Marekani, Terry Gross ameendesha mahojiano katika kituo cha WHYY cha Philadelphia tangu mwaka 1975, na kipindi chake, Fresh Air, kilianza kusikika nchi nzima kila siku mwaka 1987. Mara nyingi mgeni wake hayupo naye chumba kimoja. Yuko studio ya mji mwingine, hawaonani hata uso. Kinachombeba ni kwamba kitabu au kazi ya mgeni ameshaipitia kabla taa ya hewani haijawaka. Aliyejiandaa hana hofu ya kuiacha karatasi yake.

Najua hali ya vituo vyetu vidogo. Mtu mmoja ndiye mtangazaji, ndiye muandaaji, na fundi mitambo akichelewa yeye ndiye anayekaa kwenye mashine. Siku tano kwa wiki ni wageni watano, na tangazo la mfadhili lazima lisomwe. Lakini mgeni anaweza kupigiwa simu jana yake jioni, akaulizwa swali moja tu: ni jambo gani watu huwa hawakuelewi unapolieleza? Hapo mahojiano ya kesho yameshapata njia. Tena sisi wa huku tuna bahati ya kuwa na wataalamu karibu. Taasisi ya utafiti ya TARI Naliendele, inayoshughulika na korosho, iko kilomita chache kutoka Mtwara mjini, na makao makuu ya Bodi ya Korosho yako hapahapa. Hatuna sababu ya kusubiri mtaalamu ashuke kutoka Dodoma.

Wala kipindi cha kila siku si lazima kiwe cha korosho, gesi na bei ya mnada peke yake. Msikilizaji wa Kilwa Kivinje au Nachingwea ana akili ya kufuata jambo lolote likielezwa vizuri, liwe nyota, sheria ya mirathi au historia ya ulimwengu. Mahali pazuri pa kuanzia ni Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wanyama waliotoweka mamilioni ya miaka kabla binadamu hajakuwepo. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani, na mifupa ya mnyama mmoja, yenye urefu wa takriban mita 13 kwenda juu, imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin tangu mwaka 1937.

Mtangazaji akimpata mtaalamu wa mambo ya kale, swali la kwanza litakuwa mifupa itarudi lini. Ni swali halali, na jibu lake huwa la kiofisi. Lakini mgeni akisema mifupa "ilisafirishwa hadi bandari ya Lindi", mtangazaji msikivu atasimama hapohapo. Ilisafirishwa na nani? Hakukuwa na lori wala reli. Ilibebwa vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu, na wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa maeneo haya. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, jina lake limo kwenye kumbukumbu za uchimbaji ule. Wengine walitoka vijiji gani? Walilipwa nini? Miaka ya Majimaji, 1905 hadi 1907, ilikuwa imepita juzi tu, na njaa iliyofuata ilikuwa bado kwenye miili ya watu; hilo lilihusiana vipi na vijana kukubali kazi ile? Saa nzima imejaa, na hakuna dakika iliyopotea kwa kusifiana.

Redio yetu ilishawahi kufanya makubwa kwa mazungumzo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baadaye ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wazee wengi bado wanaiita RTD. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi, redio ikazimwa, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Sehemu muhimu ya kipindi ilianza redio ilipokaa kimya. Baada ya sheria ya mwaka 1993 vituo binafsi viliruhusiwa, sauti zikawa nyingi, simu za mkononi zikaja, na msikilizaji akapata kitu ambacho watu wa 1973 hawakuwa nacho: nafasi ya kuuliza swali la pili yeye mwenyewe, hapohapo, kipindi kikiendelea.

Nafasi hiyo tunaitumia vibaya. Mpiga simu anapata hewa baada ya kujaribu mara nyingi, anaanza na salamu kwa ukoo mzima, anampongeza mtangazaji, anampongeza mgeni, na simu inakatika kabla ya hoja. Salamu ni heshima na hatutaki ife, lakini moja inatosha. Zima redio iliyo karibu yako au isogeze mbali, la sivyo sauti itajirudia na hutasikika. Taja ulipo, kisha uliza kuhusu neno mahususi alilolisema mgeni: "Umesema malipo hutoka ndani ya siku chache baada ya mnada, sisi chama chetu cha msingi hatujalipwa, tumfuate nani?" Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Usimtaje jirani kwa ugonjwa wake, na usimtuhumu mtu kwa jina bila ushahidi, maana maneno yakishatoka hewani kituo na wewe wote mnaweza kuwajibika.

Mgeni akiwa kiongozi wa umma na akakwepa, mlango haujafungwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuiomba taarifa hiyo kwa maandishi kutoka taasisi husika, nayo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kama kosa ni la kituo chenyewe, kwa mfano kipindi kimekudhalilisha au kimepotosha, anza kwa kuwaandikia wao, ukitaja siku na saa. Usiporidhika, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ina Kamati ya Maudhui inayosikiliza malalamiko ya aina hii.

Kwa wenye shida ya usikivu: masafa ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, hivyo kilima kati yako na mnara kinatosha kuikata sauti. Ndiyo maana kituo kinachovuma juu Newala kinaweza kukwaruza ukishateremka bondeni. Sogea mahali palipoinuka, na kama unasikiliza FM kwenye simu, chomeka visikilizio vya waya, kwa sababu ule waya ndio antena.

Jambo la mwisho nalielekeza kwa watangazaji na kwa vijana wenye simu. Mazungumzo mazuri mengi yanarushwa mara moja na kupotea, kwa kuwa hakuna aliyeyahifadhi. Wapo bado wazee walioiona treni ya Mtwara hadi Nachingwea, reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, kisha ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliyekuwa na miaka kumi wakati huo leo amepita sabini. Ombeni ridhaa yake kwanza. Mrekodini mahali pasipo upepo, simu ikiwa karibu na mdomo wake, mwanzo mkitaja jina lake, kijiji na tarehe. Hifadhini sehemu mbili tofauti, moja ikiwa nje ya simu. Na akisema treni ilikuwa inabeba watu pia, msiitikie tu. Mwulizeni alipanda wapi, alilipa nini, na alikuwa amekaa na nani.